Ukimwachia mtu mbwa mzee, mwachie na kadi yake

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Najua barua nyingi za huku kwetu Mwanza zinahusu maji, barabara na bei ya dagaa, na hayo yote na mimi yananigusa, ila leo naomba niongelee mbwa na naomba wasomaji wasiiruke hii barua kwa sababu ina mambo ambayo hata mwenye mbwa wa kawaida wa kulinda nyumba yatamfaa.

Nimechukua mbwa jike mzee wa aina ya greyhound, wale wembamba wa miguu mirefu ambao huko Uingereza, Ireland na Australia wanafugwa kwa ajili ya mashindano ya mbio, mbwa anayeweza kukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Alikuwa wa familia ya wageni waliokuwa wanafanya kazi upande wa Geita, mkataba ukaisha wakaondoka, mbwa akabaki na mlinzi, mlinzi naye akahama ndo akaja kwangu Nyegezi. Masikio yote mawili kwa ndani ana herufi zilizochorwa kwa wino, hivyo ndivyo mbwa wa mbio wa Ireland wanavyowekewa alama, kwa hiyo inaelekea huyu mama ametoka mbali na amepita mikono mingi. Mimi nilichoambiwa ni "ana kama miaka nane" basi. Hakuna kadi ya chanjo, hakuna cheti, hakuna karatasi ya daktari hata moja. Mtaani wanamwita Swala.

Sasa tatizo langu liko hapa. Mbwa wa aina hii akiwa mzima anaonekana mgonjwa, na akiwa mgonjwa anaweza kuonekana mzima, usipojua alikuwaje zamani unabaki unabahatisha. Chukulia mwili wake tu. Majirani wananiuliza mbona namnyima chakula, mbavu zinaonekana, nyonga zimechomoza, lakini greyhound ndivyo alivyo, hana mafuta mwilini, na ukimnenepesha mpaka mbavu zipotee utakuwa unamuumiza viungo na moyo. Sawa, ila huyu wa kwangu je, huu ni wembamba wake wa siku zote au amepungua? Mlinzi hajui. Kungekuwa na karatasi moja tu yenye uzito wake wa mwaka jana ningejua saa hiyohiyo.

Damu ndo balaa zaidi. Alikuja na kupe wengi, mchovu, hali vizuri, nikampeleka apimwe. Jibu likasema chembe za kugandisha damu ziko chini, mtaalamu akasema moja kwa moja hii ni homa ya kupe, akamwandikia doksisaiklini. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu kupe wetu wa huku kweli wanaleta ugonjwa unaoshusha hizo chembe, na kuucheleweshea dawa ni hatari. Lakini daktari mwingine wa mifugo, dada mmoja makini sana, akanielekeza kitu ambacho sikuwahi kukisikia: greyhound kwa kuzaliwa ana chembe hizo chache kuliko mbwa wengine. Alafu seli zake nyekundu ni nyingi kuliko za wenzake, yaani kipimo cha wingi wa seli nyekundu kikija asilimia 40, kwa mbwa wa kawaida daktari atasema safi kabisa, kwa greyhound hiyo ni dalili kwamba damu imepungua maana yeye kawaida yake ni 50 na kuendelea. Homoni ya tezi ya shingo kwake ni ndogo kwa asili, mtu asiyejua atamwanzishia vidonge vya maisha ambavyo havihitaji. Kipimo cha figo nacho kinakuwa juu kidogo hata figo zikiwa nzima. Moyo ni mkubwa na unaweza kusikika una mlio usio wa kawaida na bado usiwe mgonjwa.

Unaona ugumu ulipo mhariri? Namba za kwenye karatasi peke yake hazitoshi, unatakiwa uwe na namba zake mwenyewe za alipokuwa mzima ulinganishe. Na nina uhakika hizo namba zipo mahali, wageni wale walikuwa wanampenda, mlinzi anasema alikuwa anapelekwa kwa daktari kila mara. Zimebaki kwenye faili la mtu.

Anachechemea pia, mguu wa mbele wa kulia. Kwa mbwa mzee wa mbio hapo kuna mambo kadhaa. Linaweza kuwa jeraha la zamani la uwanjani. Inaweza kuwa sugu kwenye nyayo, hawa mbwa wanaota sugu inayouma kama wamekanyaga kokoto, na huyu kweli kwenye majani anatembea vizuri ila tukipita kwenye njia zetu za mawe anainua mguu, na Mwanza hii mawe utayakwepea wapi. Lakini inaweza pia kuwa saratani ya mfupa, ambayo greyhound wanaipata kuliko mbwa wengi na inapenda mifupa mirefu ya miguu. Kwa hiyo mbwa mzee wa aina hii akichechemea na haponi usimpake dawa ya kuchua ukasubiri, mguu upigwe picha. Na tafadhali sana, wasomaji wenye mbwa wowote, msimpe diklofenaki wala brufeni za kwenu za ndani, zinachoma tumbo na kuharibu figo za mbwa, mtu anampa kwa huruma kumbe anammaliza.

Meno yake yameoza na mdomo unanuka, hilo nalo greyhound wengi wanakuwa nalo, na kusafisha meno ya mbwa lazima alazwe kwa nusu kaputi. Hapo ndipo ninapoogopa kuliko pote. Kuna dawa ya zamani ya usingizi inaitwa thiopentoni, mbwa huyu akichomwa anachelewa mno kuamka kwa sababu hana mafuta ya kuipokea na ini lake linaivunja taratibu, anaweza asiamke. Dawa nyingine zinazomfaa zipo, ila daktari lazima aambiwe mapema. Na hata upasuaji ukienda vizuri hawa wana tabia ya kuvuja damu siku moja mpaka tatu baadaye, wakati wewe umeshajua mambo yameisha, kwa hiyo aangaliwe. Je, Swala ameshawahi kulazwa usingizi? Alichomwa nini? Aliamka vizuri? Mtu wa kujibu yupo ila sijui yuko nchi gani.

Halafu ni jike. Sijui kama alifungwa kizazi. Tumemtafuta kovu tumboni hatulioni, lakini kovu la zamani linaweza kufutika, hivyo hiyo si hoja. Kama hajafungwa basi kwa umri wake naishi na hofu ya kizazi kujaa usaha, ugonjwa unaowapata majike wakubwa wiki chache baada ya kuwa kwenye joto la kutaka dume. Jike mwenye ugonjwa huo anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana, chakula hataki, wakati mwingine anatoa uchafu nyuma na wakati mwingine hatoi kitu kabisa na huo usiotoa ndo mbaya zaidi. Ukichelewa anakufa. Kila akienda kwenye bakuli la maji mimi namhesabia, na huku kwetu jua likiwaka mbwa yeyote anakunywa, sasa nitofautishe vipi? Tunaenda kumpiga ultrasaundi. Mstari mmoja kwenye kadi, "amefungwa kizazi mwaka fulani", ungetuondolea yote haya.

Chanjo ya kichaa cha mbwa nimemchanja upya bila kuuliza, kurudia hakumdhuru na ule ni ugonjwa wa kuua watu. Minyoo nimempa dawa kwa uzito wake wa kwenye mzani, si kwa kukadiria kwa macho. Kupe namtoa kwa dawa ya mbwa, maana kuna watu walinishauri nimwogeshe na dawa ya ng'ombe, mbwa mwenye ngozi nyembamba hivi! Analala kwenye godoro maana simenti inamchubua viwiko, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba upepo wa ziwani ukivuma anatetemeka, nimemshonea koti la kitenge na blanketi. Mapanki simpi kwa sababu ya miba, namchemshia minofu ya sato na wali kidogo.

Ombi langu mhariri ni dogo na naomba ulifikishe. Wageni na wenyeji mnaohama na kuacha mbwa, na nyie mnaogawa mbwa mkubwa kwa jirani au ndugu, mnapokabidhi kamba na bakuli kabidhini na kadi. Kama kadi imepotea chukua daftari la shule andika kwa mkono: amezaliwa lini, amechanjwa nini, ameumwa nini, amepasuliwa nini, dawa gani ilimkataa, jina na simu ya daktari wake. Madaktari wa mifugo nao, mkimpima mbwa mpeni mwenyewe nakala ya majibu hata asipoomba. Na maofisa mifugo wetu wa Ilemela na Nyamagana, pale mnapochanja kichaa cha mbwa mnatoa cheti, kingeongezwa tu sehemu ya uzito na kama amefungwa kizazi, mbwa wengi wa jiji hili wangekuwa na historia ya kuanzia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na mimi naona kumtunza ni pamoja na kutompeleka kwa mtu mwingine akiwa bubu.

La mwisho ni la kwangu binafsi. Kama kuna msomaji wa Geita au Mwanza, awe daktari, dereva au aliyefanya kazi za ndani kwenye ile nyumba, aliyewahi kumhudumia greyhound jike wa rangi ya kahawia yenye milia myeusi, mwenye doa jeupe kifuani na herufi masikioni, naomba awasiliane na dawati lako. Hata kama anakumbuka kitu kimoja tu.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza