Kikao cha Jumapili: samaki wa ndoto yako

Wapendwa, habari za jioni. Kikao chetu wafugaji wa samaki wa mapambo ni Jumapili hii saa 10 jioni, Sinza, palepale pa siku zote (saa 9 imeshindikana, ukumbi una shughuli). Mchango 10,000/= kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa.

Kila mtu aje na:
1. Jina la samaki anayemtamani.
2. Ujazo wa tangi lake: urefu × upana × kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000, unapata lita.

Tuote kwa vipimo. Frontosa wa Ziwa Tanganyika anafika sentimita 30. Chini ya lita 400 ni kumtesa. Trofeusi, naye wa ziwa hilohilo, ni mla mwani. Ukimlisha moyo wa ng'ombe tumbo linavimba, anakufa, na wenzake hufuata. Tena awekwe kwa kundi, 12 kwenda juu, maana wakiwa wachache mbabe huwamaliza. Mwenye tangi dogo asikate tamaa: multi, wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, lita 60 zenye mchanga laini zinawatosha.

Anayekuja aandike "Nipo" na jina la samaki wake kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, tupange viti. Asanteni sana.