Nilimzika mke wangu akiwa bado hai

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba mtu mwenye akili hutarajia baya siku zote, kwa kuwa likija halimshtui, na lisipokuja atakuwa amepata faida. Mwenyewe simfahamu, lakini maneno yake nayafahamu vizuri sana. Yalikuwa yangu. Nimeyasema zaidi ya miaka 30, nyumbani na kazini, na faida anayoitaja sijaiona.

Nilikuwa karani wa bima, idara ya madai. Kwa miaka 27 kila faili lililotua mezani kwangu lilikuwa la balaa: nyumba imeungua, gari limepinduka, baba wa watoto wanne ameanguka kazini hakuamka. Hakuna anayemwandikia karani wa madai kumjulisha kwamba mwaka umepita salama. Waliolipia bima na wasipatwe na lolote walikuwa wengi kuliko waliopatwa, vinginevyo kampuni ingefilisika, lakini mafaili yao yalikaa chumba kingine na mimi huko sikuwa na shughuli. Nadhani hapo ndipo nilipoharibikia. Nilijiona naijua dunia, kumbe najua chumba kimoja.

Simu ikilia baada ya saa nne usiku, nilikuwa sisemi "haloo". Nilikuwa nasema, "Nani amekufa?" Mtoto akichelewa nusu saa, moyoni nilishamaliza kupanga nani apewe taarifa kwanza. Na Jumapili nipo kanisani, kiti cha tatu kutoka mbele, naimba kwa sauti kwamba Bwana ndiye mchungaji wangu. Waumini waliniona nguzo. Mke wangu ndiye aliyejua nguzo yenyewe imeliwa na mchwa.

Siku daktari alipomwambia kwamba uvimbe ule ni saratani, mke wangu alilia siku mbili, akapangusa uso, akauliza matibabu yanaanza lini. Mimi sikulia. Nilianza kumzika. Sikumwambia mtu, ila kila alichofanya nilikihesabu kuwa cha mwisho. Akikohoa usiku, naamka kusikiliza pumzi. Akicheka, badala ya kucheka naye, nawaza nitakavyokuja kukikumbuka kicheko kile. Ukitazama picha zetu za kipindi hicho, yeye anatabasamu, na mimi nimesimama kando yake na uso wa mfiwa.

Aliishi miaka 9 baada ya siku ile. Tisa, Mhariri. Katika mwaka wa sita hivi, jioni moja tumeketi nje, alinitazama kwa muda, akasema, "Baba watoto, hivi umeshanizika mara ngapi?" Nikanyamaza. Akasema, "Mimi bado nipo. Ukipata nafasi, njoo tukae."

Alipofariki kweli, mazoezi yangu ya miaka 9 hayakunifaa hata dakika moja. Niliumia kama mtu aliyepewa habari ile ghafla, hajawahi kuiwaza. Msomaji wako anasema atarajiaye baya hashtuki. Mimi nilishtuka, na juu ya hapo nikakuta nimezitapanya siku ambazo leo zingekuwa akiba yangu ya kukumbuka.

Asije mtu akadhani napinga tahadhari. Watoto wangu wamesomeshwa na tahadhari za watu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na sina ugomvi nao. Lakini hati ya bima huandikwa, ikatiwa saini, ikafungiwa kabatini, na mwenye nyumba akaenda kulala. Hatakiwi kukesha mlangoni akinusa moshi.

Wala sitetei yale mahubiri ya kwamba mwenye imani haugui. Mke wangu alinizidi imani mara kumi na aliugua, tena sana. Katika Isaya 43 Mungu anasema, "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe." Anasema upitapo, hakusema hutapita. Na ule mstari wa Yeremia 29:11, wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, ambao watu hupenda kuuandika kwenye kadi, waliandikiwa kwa barua mateka waliohamishiwa Babeli, na mstari unaoutangulia unawaambia miaka 70 itimie kwanza. Mtu mzima aliyesikia barua ile ikisomwa aliweza kupiga hesabu akajua yeye mwenyewe harudi. Hata hivyo waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao. Kadi yenye hiyo miaka 70 sijawahi kuiona.

Lililonizindua ni dogo. Mwaka mmoja baada ya msiba, binti yangu alihamia kwangu pamoja na mtoto wake wa miaka 7. Usiku mmoja simu ililia nikiwa bafuni, mtoto akaipokea. Nikamsikia kupitia mlangoni, kwa sauti tulivu kabisa, kama mtu anayeuliza saa: "Nani amekufa?"

Alikuwa ni kaka yangu, anapiga kusema amefika safari salama. Baadaye kaka aliniambia kwa muda alishindwa kujibu. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa beseni na taulo mkononi. Yule mtoto hajawahi kuona msiba zaidi ya ule mmoja. Hofu ile hakuipata maishani mwake, aliirithi kwangu, na nilikuwa nampa bila hata kujua kwamba ninacho cha kumpa.

Nikarudi kusoma ahadi ambazo nimeziimba maisha yangu yote, safari hii kama karani anavyosoma mkataba: nani ameahidi, ameahidi nini, na nini hakuahidi. Ndipo nikakutana vizuri na Yeremia 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na kosa lake ni kutangaza kwamba mji utatekwa. Huyu si mtu wa kujidanganya. Anajua baya linakuja na amelisema hadharani. Basi mtoto wa ami yake, Hanameli, anamjia na kumwambia nunua shamba langu la Anathothi. Shamba, wakati adui yuko ukutani! Mimi ningekataa madai hayo kabla ya chai ya saa nne.

Yeremia akanunua. Shekeli 17 za fedha, zikapimwa kwenye mizani. Nilipofika hapo nilitabasamu peke yangu, maana kila kitu kilifuata taratibu: hati imeandikwa na kutiwa muhuri, mashahidi wapo, nakala ni mbili, moja imefungwa na moja iko wazi, zote amekabidhiwa Baruku, mwandishi wake, azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Sababu yake ni moja tu: Mungu amesema nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile. Mji ukaja kutekwa kama alivyosema. Na hati ikabaki ndani ya chombo.

Kabla ya hapo nilidhani kumwamini Mungu ni kujilazimisha kuona kwamba baya haliji. Yeremia aliliona, na shamba akanunua.

Naandika haya nikiwa na sababu yangu. Alhamisi nakwenda kuchukua majibu ya vipimo vya tezi dume. Zamani ningekuwa nimeshajiandikia majibu mwenyewe tangu siku waliponitoa damu, na nyumba nzima ingenyata. Sasa hivi sitadanganya, saa nane za usiku bado huniamsha, nikalala pale nikitazama dari. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ila nimemwahidi mjukuu wangu kwamba Jumamosi nitamfundisha kuendesha baiskeli. Ameniuliza itakuwa asubuhi au jioni. Nimemwambia asubuhi.

Ni mimi msomaji wako,
Karani wa madai, mstaafu