Tumhesabu ningu kwanza, ndoo za vifaranga baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo sisi wa huku Budalang'i tumelijadili sana chini ya mwembe, ila halijafika gazetini.

Kila baada ya muda tunaona picha ileile. Wakubwa wamevaa jaketi za kuokolea, mmoja ameinamisha ndoo, vifaranga vya samaki vinateleza majini, watu wanapiga makofi. Sina ugomvi na ndoo. Swali langu ni fupi, na nimewahi kumwuliza afisa mmoja ana kwa ana akaishia kucheka: kabla ya ndoo hiyo mtoni mlikuwa na samaki wangapi? Na mwaka uliofuata, nani alirudi kuangalia?

Nauliza kwa ajili ya samaki wetu ningu. Vijana wa leo wanamjua mbuta, ngege na omena. Ningu wengi wao wamemsikia kwa wazee tu. Huyu anaishi ziwani Victoria lakini hazai humo. Mvua zikikolea na mto wetu Nzoia ukageuka rangi ya chai ya maziwa, anaingia mdomoni mwa mto, anapanda, anatafuta nyasi zilizofunikwa na mafuriko na kutaga huko. Mayai huanguliwa upesi, na maji yakianza kupungua vitoto hushuka. Babu yangu alikuwa akitega migono kando ya mto na kutuambia tukae kimya, eti ningu anasikia. Kama anasikia au la sijui, ila tulikaa kimya na tulikula.

Wengi humlaumu mbuta, mlaji wa samaki wengine, kwa kupotea kwa ningu. Mbuta ana makosa yake, sikatai. Lakini makala ya kitaalamu kuhusu kuanguka kwa uvuvi wa ningu katika Nzoia yalichapishwa mwaka 1965, wakati mbuta ndiyo kwanza alikuwa ameingizwa ziwani na hajawa wengi. Kilichomaliza ningu kwanza ni nyavu za kutega, zilizopangwa mdomoni mwa mto wakati ule ule majike wanapoingia na mayai tumboni. Ukimvua samaki akiwa njiani kwenda kuzaa, umevua na watoto wake. Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, linamweka ningu katika daraja la viumbe walio hatarini mno kutoweka.

Sasa nimlete samaki mwingine, trauti. Huyu ni mgeni kwetu: mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura, Aberdare, ili walowezi wapate samaki wa kuvua kwa ndoana, na hadi leo ana kituo chake cha kuzalishia vifaranga pale Kiganjo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Basi huyu mgeni tumwulize ametibiwaje kwao, maana katika nchi za baridi kuna trauti wanaozaliwa mtoni, wanashuka baharini kunenepa, kisha wanarudi kupanda mto ili wazae. Weka ziwa mahali pa bahari, huyo ni ningu.

Magharibi mwa Ireland kuna mto mdogo, Burrishoole. Tangu mwaka 1970 trauti wanaoshuka kwenda baharini na wanaopanda kurudi hupitia mitego ya kuhesabia iliyoziba njia yote, wakaandikwa na kuachiliwa. Ni kazi ya kuchosha isiyo na makofi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 trauti wa bahari walipoporomoka ghafla katika pwani ile, wa Burrishoole walikuwa na hesabu za karibu miaka 20 mkononi. Waliweza kuonyesha kwamba samaki wanashuka lakini hawarudi, kwa hiyo tatizo litafutwe baharini. Ndipo macho yakaelekea kwenye chawa wa samaki na vizimba vya kufugia samaki aina ya samoni, na mabishano yakawa makali. Vizimba tunavyo na sisi sasa, katika maji yaleyale ambayo ningu hupitia. Sisemi vina ubaya wowote. Nasema kikitokea kitu, hatutakuwa na daftari la kufungua.

Jimbo la Montana, Marekani, nalo lilikuwa mpenzi mkubwa wa ndoo. Kisha mtaalamu wao Dick Vincent akaanza kuwahesabu samaki wa mto Madison kwa umeme hafifu unaowalewesha kidogo bila kuwaua. Akakuta jambo lililowaudhi wengi: palipomwagwa trauti wa kituoni, wale waliozaliwa mtoni walipungua, ndoo ziliposimama, wakaongezeka. Mwaka 1974 jimbo likaacha kumwaga samaki katika mito yenye trauti wanaozaliana humo na kujitosheleza. Fikiri ingekuwaje kama hakuna aliyehesabu. Wangemwaga zaidi.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha mto Elwha, jimbo la Washington. Mabwawa mawili yalijengwa humo, la kwanza likamalizika 1913 na la pili 1927, yote bila njia ya samaki. Trauti waliokuwa juu wakafungiwa huko kwa karibu karne nzima, vizazi kwa vizazi visivyoonja chumvi. Wenyeji wa mto, kabila la Lower Elwha Klallam, waliendelea kudai njia ifunguliwe, na kati ya 2011 na 2014 mabwawa yakabomolewa. Uvuvi ukasimamishwa. Wataalamu wakaweka vyombo vya sauti vya kuhesabu samaki hata maji yakiwa tope, na wapiga mbizi wakashuka mto wakihesabu kwa macho. Wakaona trauti wa bahari wa kiangazi, aina iliyokuwa karibu kusahaulika, wanapanda tena. Walipopima vinasaba, wakagundua kwamba wengi wao wana asili ya wale wafungwa wa juu. Hamu ya kusafiri ilikuwa imelala ndani yao miaka yote hiyo. Hakuna aliyewaletea ndoo.

Nzoia ya huku chini haina ukuta wa kubomoa, ina matuta ya kuzuia mafuriko. Matuta hayo yanatulinda. Mimi mwenyewe nimewahi kulala kambini na wanangu baada ya tuta kupasuka, kwa hiyo asije mtu akasema nataka yaondolewe. Hata hivyo, tuta linalozuia maji yasifike kwenye nyasi za kutagia linamzuia na ningu. Sehemu chache zisizo na makazi zinaweza kuwekewa milango ya kuruhusu maji msimu wa mvua. Wahandisi wapo, waulizwe.

Kuhesabu nako si lazima tuanze na vyombo vya bei. Wavuvi wachache wa kila ufuo wapewe nyavu za matundu ya kipimo kimoja, wazitege usiku uleule wa kila wiki mahali palepale, waandike waliowapata, urefu, wangapi ni majike wenye mayai, kisha wawaachie. Mafuriko yakipungua, waende na nyavu ndogo kutafuta vitoto kwenye nyasi. Ukipata wazazi wengi na vitoto hakuna, tatizo liko juu mtoni. Ukikosa hata wazazi, tazama mdomoni na ziwani. Baada ya misimu mitano tutajua kama vifaranga vinahitajika, na kama vinahitajika, wazazi wao watoke Nzoia hii hii, wala si mto wa mbali kwa sababu tu huko walipatikana kwa urahisi.

Na mdomo wa mto ufungwe wakati wa kupanda. Omena tayari anapumzishwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, na pamoja na manung'uniko yetu yote, wavuvi tumezoea. Kumwachia ningu kilomita chache za mdomo wa mto katika majuma ya mafuriko hakutamlaza mtu njaa, mradi marufuku hiyo imguse hata mwenye mashua kubwa aliye na jamaa ofisini.

Mimi nimekuwa nikiandika ningu wanaoletwa ufuoni kwetu tangu nilipoacha kuvua. Ni daftari la shule la mistari, lina madoa ya mafuta ya taa. Afisa yeyote wa uvuvi anakaribishwa kulipiga picha. Asishangae tu kuona kurasa za Aprili zina nafasi nyingi nyeupe.

Mvuvi mstaafu,
Budalang'i