Kadi nambari 36

Nairobi, Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu sana. Huku hatujambo, ila umeme umekatika tangu saa nane na mvua haijaamua kama inanyesha au inatutania. Msalimie shemeji. Mwambie ule mchele wa Kyela aliotufungia tulipokuja Dar uliisha zamani, na tangu uishe sijala wali wa maana humu ndani. Hilo la mwisho usilisome kwa sauti. Mke wangu ana namba ya shemeji.

Sasa nikuulize: ile kadi yangu ya Joginder Singh, yule dereva wa mbio za magari za Safari Rally, iko wapi? Usiniambie huikumbuki. Niliikata kwenye boksi la Omo, nikabandika picha kwa uji wa ngano, na picha yenyewe niliitoa kwenye gazeti ambalo mwenye bucha alimfungia mama nusu kilo. Ndiyo maana ilikuwa na doa la damu kwenye mlango wa gari. Ukanitazama kwa uso mkavu kama wa hakimu, ukasema gari lenye damu limepata ajali, na gari lililopata ajali hutoka mashindanoni, kwa hiyo kadi ni yako. Nilikuwa na miaka tisa. Nikakupa! Miaka thelathini na kitu nimeigeuzageuza hukumu ile na bado sijaona haki yake iko wapi.

Aliyeyafukua haya ni binti yangu. Yuko darasa la nne, na shuleni kwao wamepagawa na kadi za Pokémon. Vile vijidude vya Kijapani vilianza 1996, wakati mimi na wewe tumeshaanza kujiona wakubwa, kwa hiyo vikatupita. Yeye ana kopo zima. Nyingi ni bandia za barabarani, naye anajua, anazitambua kwa kuzishika tu. Jioni moja akaniuliza, "Baba, nyinyi zenu zilikuwa za nani?" Nikamwambia zilikuwa za madereva wa Safari Rally. Akataka kuziona. Sikuwa na hata moja. Mbili unazo wewe, na zilizobaki mama aliwashia jiko siku moja makaa yalipogoma kushika.

Nilimlaumu mama kimoyomoyo mpaka niliposoma habari za Sy Berger wa kampuni ya Topps kule Marekani. Yeye ndiye aliyeketi kwenye meza ya jikoni kwake Brooklyn akabuni kadi za besiboli za 1952. Zilizododa, mwaka 1960 akazipakia kwenye chombo akaenda kuzimwaga baharini. Mwaka 2022 kadi moja ya mfululizo huohuo, ya Mickey Mantle, iliuzwa dola milioni 12.6. Mama angalau alipika ugali.

Basi nimezitengeneza upya. Safari hii ni kadi za kweli, thelathini na sita, kila moja gari na dereva wake, na namba za kushindania kama zamani, unataja moja na anayezidi anachukua kadi: mwaka, cc za injini, mara alizoshinda. Mimi pia nafanyia kazi meza ya jikoni, usiku, wakishalala. Kipimo nimekitoa kwenye Pokémon za binti, milimita 63 kwa 88. Kadi tisa zinaenea kwenye karatasi moja ya A4, kwa hiyo karatasi nne zinatosha. Nikadhani hiyo ndiyo hesabu yote.

Duka la kwanza lililonichapia silitaji. Kijana wa pale alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na ujinga, tukakutana. Mgongo wa kadi nilikuwa nimeupaka rangi ya udongo mwekundu, na pembeni nikaacha fremu nyeupe nyembamba, nadhifu kabisa kwenye skrini. Kumbe karatasi ikipinduliwa ndani ya mashine husogea, milimita moja, milimita mbili. Kwenye barua ya ofisi huwezi kuliona hilo. Kwenye fremu ya milimita tatu, upande mmoja unanenepa na mwingine unakonda, na kila kadi inakonda kwa namna yake. Na udongo wangu mwekundu ulitoka rangi ya maini. Tulicheza mara mbili tu. Mara ya tatu binti alikuwa anataja nilichoshika kwa kutazama migongo. Tena akagundua kwamba nikikaa dirishani mwanga unapenya, anasoma mpaka jina la dereva. Ile karatasi ya gramu 300 unaiona nene ukiishika, lakini haina utando mweusi wa katikati unaowekwa kwenye karata za kiwandani.

Dawa yake ikawa rahisi, na ningeulizia mapema ningeokoa fedha. Fremu nimeitoa. Mgongo wote sasa ni rangi moja iliyokolea, inavuka mistari ya kukatia pande zote, ili karatasi ikisogea isogee tu, hakuna atakayejua. Weupe nimeubakiza upande wa mbele, unapoweza kukaa bila kumsaliti mtu. Nakata mwenyewe kwa wembe na rula ya chuma. Pembe nazizungusha kwa kale kamashine kadogo kanakofanana na stepla, na sauti yake, kach, kach, ndiyo iliyomfanya mke wangu aulize kama hii shughuli ina mwisho.

Picha nazichora. Za magazetini zina wenyewe, watu waliolala porini kuzipiga, na hata kama siuzi kadi hata moja sikuona vizuri kuzichukua hivihivi. Nachora kubwa, ukurasa mzima, kisha naiskani na kuipunguza. Unakumbuka ulivyokuwa unazungushia magurudumu kwa sarafu ya shilingi? Bado ndiyo njia bora. Ninachokipenda kuchora ni yale mambo ambayo gari la mbio kwingine halina: vyuma vya mbele vya kuzuia ng'ombe, bomba la kuvutia hewa lililopanda mpaka usawa wa paa ili gari livuke mto. Binti anauliza kwa nini gari la mashindano lina pua ya tembo.

Joginder ni nambari 1, bila mjadala. Nimemchora na ile Volvo PV544 ya 1965, yeye na ndugu yake Jaswant, walioanza wa kwanza barabarani na wakamaliza wa kwanza. Ningeweza kumweka na Mitsubishi Lancer ya 1974 au ya 1976, maana alishinda mara tatu, lakini Volvo ile ina mgongo wa mviringo kama kobe, na kobe ndiye anayefaa kwa rali ile. Shekhar Mehta nimemgawa kadi mbili. Moja ya Datsun 240Z ya 1973, mwaka aliolingana kabisa na Harry Källström, dakika kwa dakika, mpaka ikabidi kanuni iamue ni nani. Nyingine ya mfululizo wa 1979 hadi 1982, miaka minne hakuna aliyemtoa. Mara tano kwa jumla. Anayeshika hiyo kadi kisha akataja "ushindi," wewe toa yako tu bila kelele.

Na kabla hujaanza kuniuliza kama Watanzania tumewasahau: nambari 8 ni Bert Shankland, wa Dar hiyohiyo unayojidai nayo, Peugeot 404, 1966 na 1967 mfululizo. Nimemchora na kibendera chenu kwenye kona. Hicho kibendera kimenichukua saa nzima kwa sababu ya ule mstari wa mshazari, kwa hiyo ukipokea usiseme kitu.

Nimeweka pia walioshindwa, na nadhani ndio niliowachora kwa mapenzi zaidi. Porsche walikuja mara kadhaa, na gari linalopepea, na hawakuwahi kushinda. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuwa wa pili nyuma ya Joginder, Porsche 911 nyuma ya kijilancer cha cc 1600. Lancia Stratos nayo, gari zuri kuliko yote katika zile thelathini na sita, haikushinda hata mara moja. Kadi yake ndiyo binti anayoipenda, na kila akiitumia hupoteza.

Hapo ndipo nilipopata wazo lililotaka kuniharibia mchezo.

Rali ile haikuwa ya kasi tu. Mwaka 1963 yalifika magari saba peke yake, na 1968 tena saba. Nikasema lazima kuwe na namba ya kufika. Nikatunga kanuni: ukitaja "kufika," gari lililomaliza linalipiga lolote lililokwama njiani, na yakiwa yote yamemaliza, lenye injini ndogo ndilo linalochukua. Nikaona nimetunga sheria ya haki kuliko ile yako ya damu. Tukacheza. Baada ya raundi tatu binti akaziweka kadi mezani, akasema, "Baba, hii moja ni ya wizi." Alikuwa sahihi. Kulikuwa na kadi moja ambayo kwa "kufika" haipigiki na chochote duniani. Tumekubaliana sasa kila mchezaji ataje "kufika" mara moja tu katika mchezo mzima, na tangu hapo kuna utamu mpya, kila mtu anaichunga nafasi yake kama nauli ya kurudia nyumbani.

Kadi yenyewe unaijua. Au hujui, na ndiyo sababu nakuandikia badala ya kupiga simu.

Pasaka ya 1993 baba yako alitupandisha basi la KBS mpaka mjini, tukasimama kwenye jumba la mikutano la KICC kutazama magari yakiondoka. Toyota Celica zikapita zikinguruma, watu wakapiga makofi mpaka mikono ikauma. Kisha likapanda jukwaani lile gari dogo, Subaru Vivio, cc 660, limebandikwa stika kama zile kubwa, utadhani limetumwa kupeleka maziwa. Ukalitazama gari. Ukanigeukia mimi. Ukasema, "Huyu ni wewe." Mpaka namaliza darasa la nane hakuna aliyeniita kwa jina langu, hata mwalimu wa hesabu. Tena ukaapa mbele ya watu kwamba haliwezi kufika hata Thika.

Jumatatu ya Pasaka nyinyi mlikuwa ushago. Mimi nilikaa na redio ya baba peke yangu. Toyota zilichukua nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen mbele, hayo ulikuja kuyajua. Lakini Subaru walikuwa wameleta Vivio tatu. Moja ilikuwa ya Colin McRae, ambaye baadaye alikuja kuishinda rali hii mara tatu, hakumaliza. Nyingine nayo ikafia njiani. Ya tatu, ya Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, ilimaliza. Nafasi ya 12, mbele ya magari yaliyokuwa yakilizidi kimo na nguvu. Nilitoka nje mbio kukutafuta nikuambie, nikakumbuka hampo. Nikasubiri siku tatu. Siku ya nne ukarudi na baiskeli uliyonunuliwa na mjomba wako, ukanipakia kwenye kipande cha nyuma tukaenda mpaka Makongeni, na habari ya Vivio ikanitoka kichwani.

Basi nakuambia leo. Ilifika.

Nimejaribu kuichora mara saba. Ya kwanza ilitoka kama friji, ya mwisho kama kiatu. Unajua mimi naweza kuchora gari refu, lakini kitu kifupi hivyo chenye hasira kinanishinda, nawe ulikuwa fundi wa vitu vifupi. Kwa hiyo nambari 36 tunaichezea ikiwa nyeupe, imeandikwa kwa kalamu tu: Njiru, 1993, 660, amefika.

Ndani ya kifurushi utakuta kadi thelathini na tano za kwako, tayari zimekatwa, pamoja na mifuko ya plastiki ya kuzivalisha, na karatasi moja ngumu ya A4 isiyo na kitu. Ninazipakia kwenye basi la Jumatano linalopita Namanga. Namba ya risiti nitakutumia. Kwenye hiyo karatasi chora Vivio, ijaze, usiibanie pembeni, weupe wa fremu nitauweka mimi. Mlangoni acha nafasi ya namba ya gari. Piga picha safi mchana, nje kivulini, unitumie, kisha ile yenyewe irudishe kwa basi hilohilo ikiwa imefungwa bapa, isikunjwe.

Na ukiwa unaifunga, tia na Joginder wangu. Nimemwambia binti kuhusu lile doa la damu, anataka kuliona kwa macho yake, na ana maswali kuhusu hukumu.

Umeme umerudi. Wacha nikakate za shemeji, nimeahidi kumpa seti yake.

Ni mimi,
Vivio