Mheshimiwa, Kuznetsova Asiachwe Mlangoni

Kwa Rais,
Jumba la Heshima la Tenisi la Kimataifa,
Newport, Marekani.

YAH: SVETLANA KUZNETSOVA

Mheshimiwa Rais,

Baada ya salamu, naomba Svetlana Kuznetsova wa Urusi apewe nafasi yake katika Jumba lenu.

Mwaka 2019 mlimpokea Li Na wa China, na mlitenda haki. Alikuwa na mataji mawili makubwa ya mchezaji mmoja mmoja na aliwahi kushika nafasi ya pili duniani. Kuznetsova naye anayo mawili, la Marekani 2004 na la Ufaransa 2009, na nafasi hiyohiyo ya pili aliifikia 2007. Tena alitwaa ubingwa wa Australia kwa wachezaji wawili wawili, 2005 pamoja na Alicia Molik na 2012 pamoja na Vera Zvonareva. Mataji yake yote ya mmoja mmoja ni 18. Ya Li Na ni tisa. Kipimo ni chenu wenyewe.

Nadhani kilichomponza ni mwaka 2004. Wanawake watatu wa Urusi walitwaa mataji makubwa mwaka huo: Myskina Paris, Sharapova Wimbledon, kisha yeye New York akiwa na miaka 19. Kamera zilikuwa zimeshamchagua Sharapova. Huyu binti wa Leningrad, aliyezaliwa katika nyumba ya waendesha baiskeli (mama yake, Galina Tsareva, alikuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo), akabaki kutajwa mwishoni.

Lakini sisi tuliomfuatilia hatukumpendea vikombe peke yake. Januari 2011, Melbourne, yeye na Francesca Schiavone walipambana kwa saa 4 na dakika 44. Seti ya tatu iliisha 16-14. Kuznetsova alipata pointi sita za kumaliza mechi, zote zikamponyoka, akashindwa. Hata hivyo huwezi kueleza tenisi ya wanawake ya miaka ile ukairuka siku hiyo.

Halafu Oktoba 2016. Ili afuzu fainali za msimu kule Singapore ilimlazimu kutwaa kombe la Moscow. Johanna Konta alikuwa ameshafika Singapore akisubiri nafasi hiyohiyo. Kuznetsova akashinda Jumamosi, akapanda ndege, na Jumatatu akaingia uwanjani kumkabili bingwa mtetezi, Agnieszka Radwańska. Katikati ya mechi nywele zikawa zinamsumbua machoni. Wakati wa mapumziko akaomba mkasi, akaukata mkia wa nywele zake pale pale kitini, akarudi kucheza. Akashinda 7-5, 1-6, 7-5. Alikuwa na miaka 31.

Mheshimiwa, mtakapowapelekea wapigakura jina lake, ambatisheni na picha za video za usiku ule.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa tenisi