Mwanangu, kuhusu ile Peugeot 504

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimenifikia. Unaandika kwamba umepata Peugeot 504 iliyotunzwa vizuri na unataka uwe unaiendea kazini kila siku, ile Corolla uliyotaka kununua uiache, kwa kuwa magari ya siku hizi ni plastiki tupu na la zamani lina bati gumu.

Magari ya zamani nayapenda, unajua. 504 ilitoka mwaka 1968, na ikachaguliwa Gari la Mwaka 1969 barani Ulaya. Ukifungua boneti kila kitu kiko wazi: kabureta, distributa, koili, nyaya za plagi. Injini ikizima, unaanza kutafuta mwenyewe: petroli haifiki, au plagi hazitoi cheche? Sedani ya leo hutakiwa ipimwe na kompyuta kwanza. Sensa moja ikifa, fundi asiye na mashine ya kupimia hubaki kubahatisha. Hapo la zamani linashinda.

Lakini hilo la bati linanitia hofu, mwanangu. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharimiwa na kampuni za bima za Marekani, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, upande wa dereva kwa upande wa dereva, kwa kasi ya kilomita 64 kwa saa. Bel Air ilikuwa pande la chuma hasa. Sehemu ya abiria ilipondeka na usukani ukamrudia dereva. Sanamu la majaribio lililokalishwa pa dereva lingekuwa mtu, asingepona. Wa Malibu angetoka na jeraha dogo la mguu.

Pua ya gari la kisasa imeundwa ijikunje ili imeze nguvu ya kishindo, na pale mnapokaa pamejengwa kwa chuma kigumu zaidi pasikunjike. Pua isipoimeza, nguvu hiyo inakuja kifuani kwako.

Najua 504 ni ya baadaye kuliko Bel Air, na iliundwa kwa akili zaidi. Hata hivyo haina mifuko ya hewa, wala breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki ghafla, ambazo Bosch na Mercedes-Benz walizileta 1978, wala mfumo wa kuzuia gari lisiteleze kwenye kona. Wewe unarudi usiku, mara nyingi mvua inanyesha.

Kwa hiyo, kwa kazini nunua Corolla. Pesa ikibaki, chukua na 504 uwe unaiendesha siku za mapumziko. Nitafurahi kuishika spana nawe. Nenda kaiangalie mchana. Inua mazulia, pitisha mkono chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu utafute kutu, na usiamini rangi mpya. Mipira ya breki ibadilishwe yote. Mikanda iwe ya kupita begani, na ifungwe kwenye chuma kizima.

Ukiwa huko nipigie kabla hujatoa hela.

Mama yako