Watoa huduma wa intaneti, kagueni anwani zenu

Bwana Mhariri,

Mimi ni fundi wa mitambo ya intaneti hapa Bukavu. Mtandao ukikatika Kadutu, watu hulaumu umeme. Mara nyingine kosa ni tangazo la anwani, yaani mtandao kuiambia dunia kuwa anwani fulani za intaneti zinafikiwa kupitia kwake. Februari 2008 Pakistan Telecom, ikitaka kuizuia YouTube nchini mwake tu, ilitangaza 208.65.153.0/24, sehemu ya anwani za YouTube. Ruta za dunia, mashine zinazoelekeza data, zikaifuata, maana tangazo finyu (la anwani chache) hushinda pana (la anwani nyingi), na YouTube ikapotea karibu saa mbili!

Watoa huduma wetu, futeni kumbukumbu za zamani kwenye AFRINIC, sajili ya anwani za intaneti ya Afrika, wekeni hati za ROA, zinazoonyesha ni mtandao gani unaruhusiwa kutangaza anwani zenu, na humo msiruhusu hadi /24 (kundi dogo) ikiwa mnatangaza /22 (kundi kubwa zaidi) tu. Anayewauzia njia ya kufikia intaneti ya dunia naye achuje matangazo ya wateja wake. Wapo wanaopokea lolote.

Fundi, Ibanda, Bukavu